Nani Aliulizwa? Majina ya Pwani katika Ramani za Kale za Kuchongwa

Wanafunzi wengi wanaojiunga na masomo ya Kiswahili hapa Juba huja na swali moja: Kiswahili ni lugha ya watu wa pwani, na sisi ni watu wa mto, kinatuhusu nini? Jibu linalotolewa mara nyingi ni la kisiasa. Nchi yetu ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kiswahili ni lugha ya Jumuiya hiyo. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni fupi mno, na mwanafunzi anaweza kudhani kwamba pwani na mto vilikutana kwa mara ya kwanza katika mkutano wa marais.

Katika makala haya tunakusudia kutoa jibu jingine, ambalo tunalipata katika ramani za bahari zilizochongwa na kuchapwa Ulaya tangu karne ya 16 hadi ya 19. Siku hizi ramani hizo huuzwa kwa bei kubwa na kutundikwa ukutani kama mapambo. Sisi hatuzitazami kwa jicho hilo. Tunazisoma kama tunavyosoma matini yoyote ya lugha, kwa kuwa sehemu kubwa ya kilichoandikwa humo ni majina. Kila jina katika ramani lina historia ya mazungumzo: kuna aliyeuliza na kuna aliyejibu. Mahali pengine hakuna aliyeulizwa kabisa, na hilo nalo linaonekana. Swali letu basi ni hili: nani aliulizwa?

Neno lenyewe

Tuanze na neno "ramani". Wanaisimu wengi wameliunganisha na neno la Kiarabu cha mabaharia, rahmani, ambalo nalo lina asili ya Kiajemi yenye maana ya kitu kinachoonyesha njia. Rahmani haikuwa picha. Ilikuwa kitabu cha rubani, chenye maelezo ya bandari, nyota za kufuata, miamba ya kuepuka, na majira ya pepo. Ahmad ibn Majid, rubani mashuhuri wa Uarabuni wa karne ya 15, aliandika maarifa ya namna hiyo, na pwani yetu ya mashariki imo katika maandishi yake.

Kwa hiyo kabla ya Wareno kufika, pwani ya Waswahili ilikuwa tayari na ramani yake, isipokuwa ilikaa vitabuni na vichwani mwa manahodha. Lugha yenyewe inatoa ushahidi. Kiswahili kina kaskazi na kusi kwa pepo za majira, bildi kwa timazi ya kupimia kina cha bahari, pima kwa kipimo chenyewe, fungu kwa mchanga uliojiinua baharini, na mlango kwa njia ya maji kati ya visiwa. Watu wasioijua bahari yao hawawezi kuwa na msamiati wa namna hiyo.

Vasco da Gama alifika Mombasa mwezi wa Aprili 1498, na siku chache baadaye akafika Malindi, ambako alipewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Tarehe 20 Mei alikuwa Calicut. Kwa muda mrefu vitabu vya shule vimesema kwamba rubani huyo alikuwa Ibn Majid mwenyewe. Watafiti wengi wa leo hawakubali. Lakini hata kama jina la rubani lina utata, jambo moja halina utata: mgeni aliuliza njia, na mwenye kuijua akamwonyesha. Ramani za Ulaya za pwani yetu zilianza na swali lililoulizwa Malindi.

Kutoka mdomoni hadi kwenye shaba

Mwanzoni Wareno walizificha ramani zao. Zilichorwa kwa mkono na kutunzwa Lisbon chini ya ulinzi wa mfalme. Moja ilitoroshwa mwaka 1502 na Alberto Cantino, aliyemtumikia Mtawala wa Ferrara huko Italia. Leo imehifadhiwa katika maktaba ya Modena, na umbo la Afrika ndani yake linakaribia sana umbo tunalolijua. Siri hiyo haikudumu. Mwaka 1570 Abraham Ortelius alitoa atlasi yake huko Antwerp. Mwaka 1572 Georg Braun na Frans Hogenberg walichapa huko Köln kitabu cha picha za miji ya dunia, na karatasi moja ikawa na Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Mwaka 1596 Mholanzi Jan Huyghen van Linschoten, aliyekuwa amemtumikia askofu mkuu wa Kireno huko Goa, alitoa kitabu chake Amsterdam kikiwa na ramani za kuchongwa. Mojawapo ilionyesha pwani kutoka Natal, kupita Sofala na Msumbiji, hadi Malindi.

Ni vyema tueleze jinsi kazi ya kuchonga ilivyofanyika, kwa sababu ndiyo inayoeleza makosa mengi. Mchongaji alichukua bamba la shaba lililolainishwa, akahamishia juu yake mchoro uliogeuzwa kama sura ndani ya kioo, kisha akachonga kila mstari na kila herufi kinyumenyume kwa chuma chenye ncha kali. Bamba lilipakwa wino, likafutwa ili wino ubaki ndani ya mikwaruzo tu, likawekewa karatasi yenye unyevu na kupitishwa katika mtambo wa kubana. Rangi zilipakwa baadaye kwa mkono. Bamba lilikuwa mali ya thamani. Liliweza kurithiwa au kuuzwa, na likaendelea kuchapa kwa miaka mingi. Kurekebisha jina moja kulihitaji kuligonga bamba kwa nyuma, kulilainisha na kuchonga upya, na wachapaji wengi hawakuona haja ya kuhangaika.

Basi tufuate safari ya jina moja. Mwenyeji analitamka, baharia wa Kireno analisikia, karani wa Lisbon analinakili, mchoraji analiiga, na mwishowe mtu wa Antwerp au Amsterdam ambaye hajawahi kuiona Afrika analichonga kinyumenyume. Ajabu si kwamba majina yaliharibika. Ajabu ni kwamba bado tunayatambua.

Majina ya kusikiwa

Aina ya kwanza ya majina katika ramani hizi ni yale yaliyosikiwa. Quiloa ni Kilwa. Maandishi ya Kireno huandika sauti ya K mbele ya I kwa herufi QU, na hayana mazoea ya herufi W. Kwa hiyo mwandishi alifanya kazi yake vizuri kwa kanuni za lugha yake. Mwanafunzi anayelisoma neno hilo kwa matamshi ya Kiingereza atasema "kwilowa" na kudhani ni mji uliopotea. Akilisoma kwa Kireno atausikia mji wa Kilwa. Vivyo hivyo Melinde ni Malindi, Mombaça au Mombaza ni Mombasa, na Monfia ni Mafia.

Hata hivyo tujiulize tena: nani aliulizwa? Wenyeji wa Mombasa wanalo jina jingine la mji wao wa kale, Mvita, na kisiwa kikuu cha Zanzibar wenyewe hukiita Unguja. Ramani hazikuchukua Mvita wala Unguja, zilichukua Mombasa na Zanzibar. Hayo ndiyo majina yaliyotumiwa na mabaharia na waandishi wa Kiarabu. Ibn Battuta aliyepita pwani hiyo mwaka 1331 alitaja Mombasa karne moja na nusu kabla ya Wareno. Hii ina maana kwamba aliyejibu maswali ya Wareno mara nyingi alikuwa baharia anayejua Kiarabu, na si mvuvi au mkulima wa kisiwani. Ramani imehifadhi sauti ya bandari kuliko sauti ya kijiji.

Majina ya kubandikwa

Aina ya pili ni majina ambayo hayakusikiwa kwa mtu yeyote. Natal ni Krismasi kwa Kireno: Da Gama alipita pwani hiyo wakati wa sikukuu hiyo mwaka 1497. Mafungu ya São Rafael, karibu na Tanga ya leo, yalipewa jina la meli yake iliyokwama hapo mwaka 1498. Ghuba iliyo kaskazini ya Malindi iliitwa Formosa, yaani nzuri.

Majina haya yana tabia yake. Yanatueleza habari za aliyekuja, lakini hayatuelezi lolote la mahali penyewe. Mengi hayakudumu. Mafungu ya São Rafael leo yanajulikana na wanahistoria tu. Ghuba ya Formosa imekuwa Ghuba ya Ungwana. Hatusemi kwamba yote yamekufa. Natal ipo katika jina la jimbo la Afrika Kusini, na Ziwa Victoria, jina la kubandikwa la mwaka 1858, bado limo katika vitabu vyetu. Jina la kubandikwa huweza kuishi pale ambapo aliyelibandika alibaki na serikali na shule za kulifundisha. Lakini jina la kusikiwa halihitaji bunduki wala shule. Wareno waliishambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505, wakajenga Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593, wakaipoteza kwa Waomani mwaka 1698. Majina ya Kilwa na Mombasa yaliwapokea na yakawaaga.

Bara lisiloulizwa

Sasa tuitazame sehemu ya ramani inayotuhusu sisi zaidi. Katika ramani za bahari majina ya bandari huandikwa kwa upande wa nchi kavu, moja chini ya jingine, kiasi kwamba pwani nzima inaonekana kama sega. Nyuma ya meno hayo, kuelekea kwetu, jicho linakutana na mambo mengine: milima ya kubuni, falme zilizowekwa popote, simba na tembo. Mwandishi Jonathan Swift aliwakejeli wachora ramani mwaka 1733 kwa desturi hiyo ya kujaza wanyama mahali walipokosa miji.

Na mto wetu? Nile ilichorwa ikitoka katika maziwa mawili kusini ya ikweta, kwa kufuata maandishi ya Ptolemy wa Alexandria wa karne ya 2. Tunawaomba wasomaji wazingatie jambo moja hapa. Ptolemy hakupata habari hizo za maziwa kutoka Sudan. Alizitaja kwa mujibu wa safari ya mfanyabiashara mmoja aliyesukumwa na upepo hadi pwani ya Afrika Mashariki, karibu na mji wa kale wa Rhapta. Kwa maneno mengine, habari za kale za chanzo cha mto unaopita Juba zilifika kwenye ramani kwa njia ya pwani. Pwani na mto vilichorwa pamoja tangu zamani, ingawa kati yao hapakuwa na mtu aliyeulizwa kwa muda wa karne nyingi.

Mwaka 1749 Mfaransa d'Anville aliamua kufuta kila asichokuwa na ushahidi nacho, na bara likabaki jeupe. Huo ulikuwa uaminifu wa kitaaluma, na tunausifu. Lakini weupe huo ulikuja kusomwa vibaya. Wasomaji wa Ulaya walianza kuona utupu pale ambapo mchoraji alikuwa amekiri kutojua tu. Wabari, Wadinka, Wanuer, Washiluki na wengine waliishi ndani ya weupe huo, kila kijito kikiwa na jina.

Kuuliza peke yake hakutoshi

Katika karne ya 19 maswali yaliongezeka. Kati ya mwaka 1822 na 1826 Kapteni William Owen wa jeshi la maji la Uingereza alipima pwani ya Afrika Mashariki kwa bildi. Homa iliwaua wengi wa mabaharia wake, lakini ramani zilizochongwa kutokana na kazi hiyo zilijaa tarakimu za kina cha bahari. Hata hivyo nazo ziliishia ufukweni.

Waliojaribu kuingia bara kwa njia ya maswali ni wamisionari wa Mombasa. Johann Ludwig Krapf, aliyefika huko mwaka 1844 na kuandika sarufi ya Kiswahili iliyochapwa mwaka 1850, pamoja na wenzake Rebmann na Erhardt, waliwahoji wasafiri wa misafara. Ramani waliyoitoa Rebmann na Erhardt katikati ya miaka ya 1850 ilishangaza dunia, kwani ilionyesha bahari moja kubwa ndani ya Afrika. Kosa lilikuwa la lugha. Wasafiri wa njia tatu tofauti walipoulizwa kuna nini mwisho wa njia, kila mmoja alisema kuna ziwa. Kila mmoja alisema kweli. Wasikilizaji wakaunganisha Nyasa, Tanganyika na Nyanza kuwa maji mamoja. Mwenye kufundisha lugha hawezi kupata mfano bora zaidi wa kuonyesha kwamba kuuliza ni nusu ya kazi, na kuelewa jibu ni nusu ya pili.

Pwani inafika Gondokoro

Ramani hiyo ndiyo iliyochochea safari za Burton na Speke kutoka Zanzibar. Tarehe 28 Julai 1862 Speke aliona mahali Nile inapotoka katika Nyanza, na mwezi wa Februari 1863 akawasili Gondokoro, ng'ambo ya mto kutoka mahali lilipo jiji letu leo, akamkuta Samuel Baker. Vitabu husimulia kukutana kwa Waingereza hao wawili. Mara chache husimulia waliokuja pamoja na Speke.

Walikuwa watu wa Zanzibar, waliojiita Waungwana, na kiongozi wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay. Huyu alizaliwa Myao, akatekwa utotoni, akauzwa utumwani hadi Bara Hindi, na baada ya kupata uhuru akarudi Zanzibar. Speke alizungumza naye kwa Kihindustani alichojifunza jeshini. Bombay aliyageuza maneno yake kuwa Kiswahili, na njiani Kiswahili kiligeuzwa tena kuwa lugha za wenyeji. Ramani ya Nile iliyokwenda kuchapwa London ilipitia mikononi mwa Speke, lakini ilipitia kwanza mdomoni mwa Bombay. Kwa hiyo Kiswahili kilisikika kwenye kingo za mto wetu mwaka 1863, miaka 153 kabla ya nchi yetu kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Yaliyofuata yanathibitisha hoja yetu ya majina. Mwaka 1871 Baker, akiwa sasa mtumishi wa Khedive Ismail wa Misri, aliinua bendera Gondokoro na kuibandika jina la Ismailia. Mwaka 1875 Gordon, aliyekuwa gavana wa Ekwatoria, alimshauri Khedive afungue njia kutoka pwani, eneo la Mombasa au Ghuba ya Formosa, hadi kwenye maziwa. Hivyo jina la kubandikwa na Wareno lilikuwa likijadiliwa kwenye kingo za mto wetu! Meli za Misri zilitua badala yake Brava na Kismayu, karibu na mlango wa mto ambao ramani za Kiingereza ziliuita Juba, na Kismayu ikapewa jina la Port Ismail. Sultani Barghash wa Zanzibar alilalamika, Uingereza ikaingilia kati, na Wamisri wakaondoka.

Tunawatahadharisha wanafunzi hapa: Juba ya ramani za pwani ni mto wa Somalia, na haina uhusiano na jiji letu, ambalo jina lake linatokana na kijiji cha Wabari. Lakini wayatazame majina mawili ya Khedive. Leo hakuna anayepanda mashua Juba akasema anakwenda Ismailia. Anasema anakwenda Gondokoro. Na Kismayu ni Kismayu.

Somo kwetu

Je, haya yana faida gani kwa darasa la Kiswahili? Yana faida ya haraka. Tunaandika sasa matini ya Kiswahili kuhusu Sudan Kusini: tafsiri, vitabu vya kiada, habari, ramani za shule. Kila siku tunalazimika kuamua jinsi ya kuandika majina ya watu na mahali pa nchi hii. Njia rahisi ni kunakili kilichomo katika ramani za Kiingereza au kilichogeuzwa kutoka Kiarabu. Tukifanya hivyo tutakuwa sawa na mchongaji wa Amsterdam, tukichonga kinyumenyume majina ambayo hatujayasikia. Tukumbuke kwamba watu tunaowaita Wadinka hujiita Jieng, Wanuer hujiita Naath, na Washiluki hujiita Chollo. Majina tuliyozoea yalitolewa na majirani na wageni, kama vile Zanzibar ilivyoandikwa na Unguja ikaachwa.

Hatupendekezi kufuta majina yaliyozoeleka. Tunapendekeza kwamba kila mwanafunzi anayeandika tasnifu au tafsiri kuhusu mahali fulani aanze kwa kumwuliza mwenyeji: mnapaitaje, mnatamkaje, jina lina maana gani? Aandike pia ni nani aliyemjibu na kwa lugha gani, kisha ndipo atafute namna Kiswahili kitakavyolibeba jina hilo bila kuliumiza. Tunao darasani wasemaji wa lugha nyingi za nchi hii, na hiyo ni hazina ambayo Ortelius hakuwa nayo.

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Kwa hiyo mwanafunzi anayeuliza Kiswahili kinamhusu nini mtu wa mto tunamkaribisha avuke hadi Gondokoro, amwulize mzee wa Kibari jina la kila mkondo na kila kisiwa anachokiona, na atuletee majibu hayo kwa Kiswahili sanifu.